Sare ya futingi ianzie kwenye kitambaa, nembo ifuate

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na vilabu vya futingi, yaani mbio za mazoezi za makundi, vya mji wetu wa Goma, pamoja na mafundi wanaovishonea sare na wachapaji wanaoweka majina juu yake. Jumamosi na Jumapili, kabla jua halijapanda, makundi yanashika barabara yakiimba na kupiga makofi, kila kundi na rangi yake. Ni sifa ya mji huu na tunaipenda. Kinachotuumiza ni sare zenyewe. Nyingi ni fulana za pamba nzito, gramu 180 kwa mita ya mraba, zenye mchapo wa plastiki kifuani wa upana wa sentimita 30 na urefu wa 40. Nusu saa haijaisha, fulana imeloa, imenata tumboni, inavuta shingo, na mshono wa kwapani umeshaanza kuchubua.

Vijana wanaotaka kitu bora wanafungua simu, wanaona chapa za kukimbia za Paris, Boston na London, wanaamua kwamba tofauti ni jina. Jina hilo wanalitafuta kwa nguvu zote, hata lile la kuigizwa, lakini kazi iliyo nyuma yake, yaani kitambaa, mkato na mshono, hakuna anayeiulizia. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana kwa mashine zilizopo kwenye mitaa yetu ya Birere na Katindo.

Tuanze na zinakotoka chapa hizi, maana historia yake inasaidia kujua kipi ni cha kuiga. Mwingereza Ron Hill, aliyeshinda maratoni ya Boston mwaka 1970 kwa saa 2:10:30, alikuwa na shahada ya udaktari katika kemia ya nguo. Alijulikana kwa kukimbia na fulana ya wavu, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya nguo za kukimbilia. Alikuwa mkimbiaji anayezijua nyuzi, akajishonea kile ambacho maduka hayakuwa nacho. Wimbi la siku hizi lilianza miaka zaidi ya arobaini baadaye. Tracksmith ilizaliwa eneo la Boston mwaka 2014. Singleti yao, yaani fulana isiyo na mikono, ya Van Cortlandt ina mkanda wa rangi uliokatiza kifua kutoka begani hadi kiunoni, na imepewa jina la bustani ya New York inayofanyiwa mbio za nyika. Mwaka 2015 Tim Soar, aliyekuwa mbunifu wa mavazi ya wanaume, alianzisha Soar mjini London, na mwaka huohuo Brice Partouche akaanzisha Satisfy mjini Paris.

Fulana ya Satisfy inayojulikana zaidi, MothTech, ni ya pamba na ina matundu yaliyotobolewa kwa makusudi, mfano wa nguo iliyoliwa na nondo. Bei yake inapita euro 100. Hapa mjini fulana ya namna hiyo ingetupwa pembeni siku robota la mitumba linapofunguliwa. Lakini mwenye macho ya fundi ataona kwamba matundu hayo yanapitisha hewa kweli, na kwamba pamba nyepesi iliyotobolewa haimlemei mkimbiaji kwa kiasi kile cha pamba nzito iliyozibwa. Hilo ndilo la kuchukua. Bei na sura ya nondo tuwaachie wenyewe.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Bandit, chapa ya Brooklyn. Mwaka 2024, kwenye mashindano ya Eugene ya kuchagua timu ya Olimpiki ya Marekani, iliwavisha wanariadha wasio na mfadhili nguo nyeusi zisizo na nembo yoyote, hata ya Bandit yenyewe, ili kifua kibaki wazi kwa mfadhili atakayejitokeza. Kwa ukaribu zaidi na sisi kuna Enda ya Kenya, ya Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ambao mwaka 2016 walikusanya fedha intanetini ili kutengeneza kiatu cha kukimbilia walichokiita Iten. Hawa wote wanaheshimu kitu kimoja, nacho ni kwamba mkimbiaji anataka kupendeza na pia asichubuke.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kufundishwa kupenda nguo. Nchi iliyomlea mwanamuziki Papa Wemba na wasapeuri wake, wale wapenda kuvalia kitanashati, inajua bega lililokaa vizuri na lililoanguka, na wasapeuri wana kanuni yao ya kutozidisha rangi tatu mwilini. Jicho hilohilo, linalomkosoa mtu aliyevaa koti la harusi, lingefaa pia kwenye sare ya futingi. Kwa sasa tunalifunga asubuhi ya Jumapili na kukubali gunia lenye jina la mfadhili.

Sasa kitambaa. Mwili unapoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Kila gramu moja inayokauka huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi. Jasho lililonyonywa na nguo nene na kubaki humo halikupoozi, linakulemea tu. Katika hewa ya kawaida uzi wa pamba hujibebea unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4, poliesta haifiki hata asilimia 1, na sufu ya merino hufika 16. Ukiiloweka pamba, hubeba maji yanayozidi uzito wake yenyewe. Poliesta iliyofumwa vizuri hufanya kazi kwa njia nyingine: uzi haunywi maji, ila nafasi nyembamba kati ya nyuzi huyavuta na kuyatandaza upande wa nje, na hapo upepo unayakausha.

Tumesema iliyofumwa vizuri kwa sababu. Kuna poliesta laini na nzito ya jezi za mpira, za bei ya chini, ambayo maji yanasimama juu yake kwa matone. Hiyo ni mbaya kama pamba, pengine zaidi, kwa kuwa jasho linabaki kwenye ngozi na kutiririka hadi kwenye soksi. Kipimo chake ni rahisi. Dondosha tone moja la maji upande wa ndani wa kitambaa. Likitandaa ndani ya sekunde chache, kitambaa kinafaa. Likibaki duara na kung'aa, mrudishie muuzaji. Kisha kiweke mbele ya jua: kwa singleti unatafuta kitambaa cha gramu 90 hadi 120 kwa mita ya mraba, chenye vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga, na kivuli cha mkono wako kionekane upande wa pili. Ukimshuku muuzaji kuhusu aina ya uzi, chomoa nyuzi mbili tatu pindoni, uziguse kwa moto wa kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Goma ipo kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Alfajiri kuna ubaridi, lakini ikifika saa tatu jua la ikweta linachoma, na ziwa linaongeza unyevu hewani. Kwa hali hiyo tabaka moja jepesi linatosha. Tunalitaja hili kwa sababu mitumba mingi mizuri ya kukimbilia iliyopo masokoni ilishonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya: suruali za kubana zenye manyoya mafupi ndani, majaketi yasiyopitisha upepo, fulana za mikono mirefu zenye zipu shingoni. Zinapendeza sana kwenye kamba ya muuzaji, ila Goma zinampika mvaaji.

Na hapa tuseme wazi juu ya wale wanaovaa jaketi la nailoni, wengine hata mfuko wa plastiki chini ya fulana, ili watoe jasho na kupunguza kitambi. Uzito unaopotea hapo ni maji, na unarudi ukinywa. Kinachobaki ni moyo kupiga mbio zaidi, kizunguzungu, na kwenye jua kali hatari ya kuzimia. Tunawasihi makocha wa vilabu wawavue watu hao majaketi kabla ya kuondoka.

Anayenunua mitumba aangalie mambo matatu kabla ya jina. La kwanza ni laikra, uzi unaovutika na kurudi: shika sentimita 10 za suruali ya kubana, vuta hadi 15, achia. Ikirudi yote mara moja, bado ina uhai. Ikibaki na mawimbi, au ukiona vijiuzi vyeupe vimechomoza, laikra imekatika, na suruali itateremka kiunoni kilomita ya kwanza tu. La pili ni mshono wa ndani ya paja na wa kwapa. Pitisha juu yake mgongo wa mkono, maana ngozi ya hapo ni nyepesi kuliko ya vidole na haikudanganyi. Mshono bapa, ambao vipande viwili vimelala ubavu kwa ubavu bila ukingo kusimama, ndio unaotakiwa. La tatu ni harufu ya kwapa iliyokaa. Poliesta inashika mafuta ya mwili, na harufu iliyokwishaingia miaka mingi haitoki kirahisi. Nembo inaweza kuwa ya kweli au ya bandia, lakini mshono unaukagua kwa mkono wako mwenyewe.

Tugeukie mafundi wetu, kwa sababu hapo ndipo kilabu kinaweza kupata sare bora kuliko ya kuagiza mbali. Kwa singleti ya mtu wa kimo cha kati, sentimita 75 za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu zinatosha mbele na nyuma. Kabla ya kukata, vuta kitambaa pande zote mbili: upande unaovutika zaidi uzunguke mwili, usiende juu-chini, la sivyo singleti itarefuka kila hatua na kubana mbavu. Sindano iwe ya jezi, yenye ncha ya mviringo, namba 70 au 75. Sindano ya kawaida ya kitenge inatoboa uzi wenyewe, na baada ya kufua mara mbili matundu yanakimbia mstari mzima. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa chumvi ya jasho na hauvutiki.

Mashine ya kawaida ikishona mstari ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika, mshono unakatika mara mtu anapoinua mkono. Weka zigizaga nyembamba, upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 2.5. Penye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, shona nayo, kisha laza ukingo upande mmoja na uukanyage kwa zigizaga ili usisimame. Wapo wanaogeuza ovaloki nje kabisa na kutumia uzi wa rangi nyingine. Inafaa, na inakuwa pambo la kweli kwa sababu ina kazi. Mshono wa bega usogezwe mbele sentimita 2, usikae juu kabisa ya mfupa ambapo mkanda wa begi unasugua.

Mahali mafundi wengi wanapokosea ni tundu la mkono na shingo. Utepe wa kuzungushia ukikatwa sawa na tundu, ukingo unasimama wazi na kupepea, halafu unasugua kwapa. Ukate mfupi, kama asilimia 88 ya mzunguko: tundu la sentimita 50 linataka utepe wa sentimita 44, uliovutwa sawasawa wakati wa kushona. Ukifupisha zaidi ya hapo, kingo zinakunjamana na kukata ngozi. Tundu lenyewe lisishuke sana. Sentimita 2 au 3 chini ya kwapa zinatosha, na mtu akikunja mikono ya kukimbia kitambaa kisiguse nyama ya ndani ya mkono.

Kaptura ya kukimbilia ni kazi nyingine, kitambaa chake hakivutiki. Tafuta nailoni au poliesta nyembamba ya kufumwa, gramu 60 hadi 90, ile inayofanana na ya miavuli lakini laini. Mguu wa ndani uwe sentimita 13 kwa wanaume wengi. Anayeona haya afike 18. Acha mpasuo ubavuni wa sentimita 5 hadi 8, kwa sababu paja linapopanda mlima linahitaji nafasi, na bila mpasuo kaptura itapanda katikati. Kati ya miguu weka kipande cha umbo la almasi badala ya kukutanisha mishono minne mahali pamoja. Mishono hiyo minne ndiyo inayowachubua watu na kuwafanya watembee wakitanua miguu siku nzima ya Jumapili. Mpira wa kiuno wa upana wa sentimita 3, mfupi kuliko kiuno kwa sentimita 8 hadi 10, pamoja na kamba ya kufungia, maana mpira peke yake hulegea. Ndani weka chupi ya wavu iliyoshonwa pamoja na kiuno.

Kitenge je? Tunakipenda, na tunaelewa kilabu cha akina mama kinachotaka kionekane. Lakini kitenge ni pamba ya kufumwa isiyovutika, kikikaa kifuani au pajani kinaloa na kubana. Kiwekwe kwenye kofia, kwenye mkanda unaokatiza kifua ukiwa mwembamba wa sentimita 6, au kwenye ukingo wa mfuko. Kwanza kiloweke na kukifua mpaka maji yawe meupe, kisha kikauke kabisa ndipo ukate. Usipofanya hivyo kitarudi kidogo baada ya kufuliwa na kuikunja singleti yote, na rangi itahamia kwenye poliesta nyeupe.

Kwa mama na dada zetu, kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya viatu, ni sidiria ya michezo. Ya kwanza kujulikana ilitengenezwa Vermont, Marekani, mwaka 1977, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, ambao jaribio lao la mwanzo lilikuwa kuunganisha vikaza viwili vya kiume, zile chupi za michezo za kushikilia sehemu za siri. Uzito unabebwa na mkanda wa chini ya kifua, mikanda ya mabegani inasaidia tu. Mkanda huo uruhusu vidole viwili kupita, visizidi. Ruka mara kumi ukiwa umeivaa. Mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Kwenye mitumba, sidiria ndiyo nguo ambayo laikra yake inakufa mapema, kwa hiyo ikague mara mbili. Na kwa anayetaka kujisitiri bila kufunga kitenge kinachomkwaza magotini, fundi anaweza kushona sketi nyepesi ya nusu duara, urefu wa sentimita 38 hadi 45, yenye kaptura ya kubana ndani iliyounganishwa kiunoni. Inampa hatua yake yote.

Rudi kwenye mchapo, Bwana Mhariri, maana hapa ndipo sare nyingi zinapoharibika hata kama kitambaa ni kizuri. Mraba wa sentimita 30 kwa 40 ni sentimita za mraba 1,200. Mbele yote ya fulana ya kati ni kama 3,400. Ukibandika flokaji (karatasi ya plastiki ya kubandikwa kwa joto) au wino wa plastiki mfululizo, umeziba zaidi ya theluthi ya mbele yote, na kingo zake ngumu zinasugua chuchu hadi zitoe damu. Vazelini inasaidia mbio moja, haimalizi tatizo. Herufi zichapwe bila mraba wa nyuma, mistari iwe myembamba, jina la kilabu liwe sentimita 8 upande wa kushoto. Jina la mfadhili likae mgongoni juu, mstari mmoja wa sentimita 20 kwa 5. Mfadhili akilalamika, aelezwe kwamba wanaokimbia kwa kundi huonekana zaidi kwa nyuma, na kwamba fulana inayovaliwa kila wiki inamtangaza kuliko ile iliyogeuzwa kitambaa cha kupangusia pikipiki.

Njia nzuri kuliko zote ni sablimasheni. Wino unachapwa kwenye karatasi, kisha mashine ya joto la nyuzi 190 hadi 200 inaugeuza mvuke unaoingia ndani ya uzi wenyewe kwa muda wa sekunde 45 hadi 60. Kidole hakihisi kitu, vitundu vinabaki wazi, na rangi haibanduki. Ina masharti mawili: kitambaa kiwe poliesta, na kiwe cheupe au cha rangi iliyopauka. Ukiifanya kwenye pamba itatoka kwa kufua, na kwenye nyeusi haionekani kabisa. Wachapaji wa serigrafi, wanaopitisha wino kwenye wavu, nao wajue kwa nini wino mweupe juu ya poliesta nyekundu hugeuka waridi baada ya siku chache. Joto la kukaushia, kama nyuzi 160, linaamsha rangi ya kitambaa, nayo inapanda ndani ya wino. Dawa yake ni wino unaokauka kwa joto dogo, au tabaka la kuzuia chini yake. Wengi wanafikiri wino ulikuwa mbovu, wanaongeza tabaka la pili, na kifua kinakuwa kigumu maradufu.

Juu ya rangi tuna neno zito. Chapa za mtindo zinapenda nyeusi, kijivu na kahawia iliyokolea, na picha zao ni nzuri. Goma jua linachomoza karibu saa kumi na mbili, makundi yanaondoka kabla ya hapo, barabara zetu nyingi ni nyeusi kwa lava, na pikipiki zenye taa mbovu ni nyingi. Mtu aliyevaa nyeusi juu ya lava nyeusi alfajiri haonekani. Kanuni ya rangi tatu itumike hapa: moja ya mwili, ipauke au iwake, ya pili ya mkanda, ya tatu ya kingo. Ukipata utepe wa kuakisi, ule wenye vishanga vya kioo unaotumika kwenye vizibao vya usalama, ukate vipande vya sentimita 10 na uvishone nyuma ya kaptura na kwenye soksi karibu na kifundo. Dereva hutambua binadamu upesi zaidi anapoona miguu inayotembea kuliko mstari uliotulia mgongoni.

Viatu tutavigusa kwa sehemu moja tu, kwa kuwa vimeandikwa sana. Lava yetu ina vitundu na kingo kali, inalamba soli. Viatu vya mashindano vya siku hizi vina soli nene ya povu, ambayo sheria za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinaiwekea kikomo cha milimita 40 barabarani, na mpira mwembamba sana chini. Adidas Adizero Adios Pro Evo 1 ya mwaka 2023, aliyoivaa Tigst Assefa alipokimbia Berlin kwa saa 2:11:53, ina gramu 138 na iliuzwa dola 500. Ni kiatu cha lami safi. Kwenye mawe ya Goma povu lililo wazi linakatika, na urefu wake unapindua kifundo. Hapa chagua soli ya mpira inayofunika chini yote, povu la wastani, kisigino kipana. Kwenye mitumba bonyeza povu kwa dole gumba. Gumba likizama na povu kurudi, sawa. Povu likiwa gumu na limejaa mikunjo ubavuni, limekwisha, hata kama juu kiatu kinang'aa. Ukiona povu linamenyuka unga unga, ni uzee na unyevu, na gundi haitakiokoa.

Kuhusu kufua, makosa yetu makubwa ni javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), pasi ya makaa na mawe. Javeli inaua laikra. Pasi ya makaa haina kipimo, nayo poliesta inang'aa na kuganda kabla hujaisogeza. Na kuanika juu ya mawe ya lava yaliyochomwa na jua kunachoma laikra kutoka chini na kutoka juu kwa pamoja, huku kingo za jiwe zikivuta nyuzi. Suuza nguo mara tu unaporudi, hata bila sabuni, ili chumvi na mafuta visikauke ndani. Fua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, uigeuze ndani nje, uianike kwenye kamba kivulini. Harufu ikikaa, iloweke nusu saa kwenye ndoo yenye sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji, kabla ya sabuni. Usichanganye siki na javeli kamwe, mvuke wake ni sumu.

Ndugu viongozi wa vilabu, kabla ya kulipia sare hamsini andikeni kwenye karatasi moja: aina ya kitambaa na uzito wake, aina ya mshono, mahali na ukubwa wa kila mchapo, rangi tatu. Kisha lipieni moja tu. Ifuliwe mara tatu, avae mtu anayetoa jasho jingi kuliko wengine, apande nayo kilima cha Mont Goma na kushuka kwa saa nzima. Akirudi, avue na kuonyesha mahali ilipomsugua, fundi aweke alama ya chaki hapohapo, arekebishe kielelezo cha karatasi, ndipo akate zile arobaini na tisa.

Ni sisi,
mafundi cherehani na wakimbiaji wa Goma